Usikubali kupigiwa Windows kabla ya kupimiwa

NENO LA WIKI
Na Mwanaidi Kombo

Jirani yangu ana duka la stesheneri hapa Tanga. Kompyuta yake ni moja tu, ya mezani, mtumba kutoka Ulaya, na ndani yake mlikuwa na kazi ya miaka sita: mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mihtasari ya vikao vya vikoba. Asubuhi moja alibonyeza kitufe, taa ikawaka, feni ikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Akaita fundi. Fundi hakuuliza mengi. "Hii tupige Windows tu, mama." Jioni kompyuta ilirudi safi, inawaka vizuri, na mafaili yote yamefutwa.

Alilia palepale dukani, wateja wakimtazama.

Sote tumezoea kusema "kompyuta haiwaki", lakini kutowaka kuna namna nyingi, na swali la kwanza linapaswa kuwa: imeishia wapi? Unapobonyeza kitufe, Windows huwa bado imelala kwenye diski. Kwanza pawa saplai hugawa umeme. Kisha programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi hukagua kama prosesa, RAM na kadi ya picha vinaitika. Vikishaitika, ndipo hutafuta diski na kuiamsha Windows. Skrini ikiwa nyeusi tangu mwanzo, bila hata nembo ya kampuni iliyotengeneza mashine, basi ama waya wa skrini umelegea, ama safari imekwama njiani. Windows haijafikiwa, sasa inalaumiwa kwa lipi?

Nilimfuata yule fundi. Ni kijana mwenye adabu, na alinieleza bila kuficha. Aliifungua ile kompyuta, akapuliza vumbi, akachomoa RAM na kuirudisha, picha ikaja. Kazi ilikuwa imekwisha pale. Kwa nini basi ukapiga Windows? "Dada, mteja hawezi kunilipa kwa kupuliza vumbi."

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu lina ukweli unaotugusa sisi wateja. Hospitalini tunalipia vipimo vya maabara, na majibu yakisema hatuna ugonjwa, hakuna anayedai arudishiwe hela yake. Kwa fundi wa kompyuta tunataka kupima kuwe bure, tulipe "kazi" peke yake. Na kazi ambayo kila mteja anaijua kwa jina na bei ni kupiga Windows. Kwa hiyo kila ugonjwa unapewa dawa hiyo hiyo, na dawa yenyewe inafuta kumbukumbu za watu.

Wala magonjwa yenyewe mengi si ya kutisha. RAM ni kijibao chembamba kinachokaribia urefu wa kalamu, na ukingoni kina meno ya rangi ya dhahabu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, meno yale hufifia, mguso unakuwa hafifu. Mimi mwenyewe nimewahi kuchomoa waya wa umeme ukutani, nikatoa RAM, nikasugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, nikayapangusa kwa kitambaa kikavu na kuirudisha mpaka vishikio vya pembeni vikalia "ka!". Mashine ikaamka. Lakini pawa saplai msiifungue kabisa, kwa sababu hubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Kuna pia kibetri cha duara kilichopachikwa kwenye mazabodi, CR2032. Namba hizo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ndicho kinacholinda saa ya kompyuta umeme unapokatika. Kikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, mashine inaganda ikiomba ubonyeze F1, na ukiingia intaneti tovuti nyingi zinakataa kufunguka kwa sababu tarehe haziafikiani. Wakati mwingine kompyuta husahau hata ni diski ipi ya kuanzia, ikadai haioni diski yoyote. Dai hilo hilo linaweza kuletwa na flashi uliyoisahau imechomekwa tangu jana, kwa hiyo ichomoe kwanza kabla ya kumpigia mtu simu.

Na hata Windows ikiwa ndiyo mgonjwa kweli, yaani nembo inatokea, vidoti vinazunguka, halafu inajizima na kuanza upya, kwa kawaida mafaili bado yapo. Fundi anaweza kuiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama Ubuntu, akanakili kila kitu kwenye diski ya nje, au akaitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Tofauti ni pale diski inapogonga "tak, tak". Hapo zima mara moja, maana kila ukiiwasha unazidi kuiumiza.

Ninachotaka ni mafundi wabandike bei ya kupima ukutani, na sisi tuilipe bila kunung'unika hata kama tatizo limeonekana kuwa vumbi. Na kwenye risiti kuwe na mstari wa mteja kutia saini: mafaili yafutwe, au yasifutwe. Kijana yule nilipomwambia hivyo alikubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Mwezi uliopita kompyuta ya jirani yangu iligoma tena. Safari hii iliandika kwamba tuko mwaka 2012. Alimwita fundi yuleyule, akamwekea noti mezani kabla hajashika bisibisi. "Hiyo ya kupima," akamwambia. "Mafaili yangu usiyaguse." Fundi aliitazama ile tarehe, akavuka barabara kwenda kwa fundi saa, akarudi na kibetri kiganjani.