LUPANGO BILA FRANGA NYINGI



Katika vijiji vyetu vya Kivu kuna ugomvi usiokwisha: mbuzi imekula shamba la jirani. Mama amelima, amepanda maharagi, amepalilia. Asubuhi anakuta mashina matupu. Matusi yanaanza, kisha mashtaka kwa shefu, kisha faini. Mwenye mbuzi anauza mbuzi ile ile ili alipe, na kumbe ndiyo ilikuwa minervali ya mtoto. Sheria ya Musa, katika Kutoka 22:5, inamwamuru mwenye nyama kulipa shamba lililoliwa. Ni haki kabisa. Lakini kulipa kila mwaka si dawa. Dawa ni lupango.

Wababa wengi wanajibu: "Lupango ni kitu cha tajiri. Waya wa miiba tutautoa wapi?" Sisi tunakataa neno hilo. Waya ni kwa wenye ng'ombe wengi, kama katika malisho makubwa ya Masisi. Mwenye mbuzi tano na shamba dogo anahitaji mupanga, jembe, kamba za migomba na mvua.

Tupige hesabu kidogo. Shamba la metre 20 kwa 20 lina mzunguko wa metre 80. Shamba la 10 kwa 40 lina ukubwa ule ule, lakini mzunguko wake ni metre 100. Basi kuchagua umbo tu kunatupunguzia metre 20 za kazi. Tena, nyuzi tatu za waya hazizuii mbuzi, inapenya katikati. Inafaa angalau tano, yaani metre 400 za waya. Mzazi gani kwetu iko na franga hizo? Lakini fimbo za kuota, moja kila nusu metre, ni 160 tu, na zinakatwa bure mlimani.

Ni fimbo gani? Mkaratusi uliokatwa unakauka, mchwa unaula, na baada ya miaka michache unaanguka. Bora mti unaoota: ule wa maua mekundu ambao bayoloji inauita Erythrina, ao Ficus. Tukate fimbo nene kama kifundo cha mkono, zenye metre 2, na kuzizika sentimetre 50 wakati mvua ya Septemba inaanza. Upande uliokuwa chini mtini ubaki chini. Kisha tufunge matete ao mianzi kwa kulala, karibu karibu, kwa kamba za migomba. Kamba zitaoza, zifungwe upya. Mwaka wa kwanza tuweke matawi ya miiba upande wa mbuzi, sababu zinapenda sana majani machanga. Baadaye majani hayo hayo yatakuwa chakula chao wakati wa kiangazi.

Mnyaa nao ni mzuri, mbuzi haziugusi. Lakini maziwa yake ni hatari kwa macho: watoto wakae mbali, na mkataji anawe mikono. Kwa nguruwe tusijidanganye. Nguruwe inachimba chini ya lupango. Huyo ajengewe kibanda cha miti iliyobanana.

Wengine watasema kufunga kwa kamba kunatosha. Apana. Mbuzi inajizungusha mpaka inajinyonga, ama inakata kamba, na tuko tena mbele ya shefu.

Neno moja ni kubwa kuliko yote. Mti ukipandwa kwenye mpaka, kesho unakuwa ushahidi wa mpaka. Kwetu udongo ni kidogo na watu ni wengi. Fimbo moja iliyosogezwa hatua mbili inaweza kuleta mupanga kati ya ndugu. Kwa hiyo mtu asipande peke yake usiku. Amuite jirani, awaite wazee, wapime pamoja kwa kamba, na kila mmoja apande nusu yake. Gharama inagawanyika, na ugomvi unakufa mbele haujazaliwa. Kila mwaka wakate matawi pamoja, ili kivuli kisinyime maharagi jua, kuni zigawanywe.

Basi tunaomba uongozi wa shule: salongo moja ya Jumamosi, mvua ikianza, iwe ya kuzungusha bustani yetu kwa fimbo za kuota. Waalimu wa bayoloji na wa hesabu watuongoze. Nasi tukirudi nyumbani kwa likizo ya Noeli, mvua bado ikinyesha, tuanze na upande mmoja tu wa shamba la mama, ule mbuzi zinakopitia. Wazazi wetu wametulipia masomo kwa mbuzi. Tuwalipe kwa kuzilinda mbuzi, pamoja na ujirani wao.