Mbona Tunachangia Jeneza, Hatuchangii Mofini?

Kwa grupu ya WhatsApp ya ploti yetu hapa Laini Saba, pesa ya mazishi huingia kama mvua ya Aprili. Mtu akifariki saa mbili usiku, kufika asubuhi kamati iko, mweka hazina yuko, nambari ya kutuma pesa imebandikwa, na kila mtu anatuma soo mbili, soo tatu. Hatuwezi kuacha mtu wetu alale mochari wiki tatu tukitazama. Hiyo ni heshima, na naipenda.

Sasa jaribu kuandika hapo hapo: "Wasee, jirani yetu ana kansa, halali usiku kwa uchungu, tumchangie dawa ya kutuliza." Utapata emoji tano za mikono ya maombi, halafu mtu ataweka klipu ya Gor Mahia na stori itaishia hapo.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtu mwenye kansa ya kongosho, kutulizwa maumivu ni matibabu kamili. Yanafaa kuanza siku ile anaambiwa jina la ugonjwa, na sisi wa mtaa tunafaa kuyapigania vile tunavyopigania jeneza.

Kwa nini nimechagua kongosho? Kwa sababu hii ndiyo kansa inayotuvua nguo. Kongosho ni kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kutengeneza insulini na maji ya kusaga chakula. Kansa ikianzia huko, inakaa kimya muda mrefu. Ikianza kuongea, inaongea lugha ya magonjwa mengine: tumbo linauma na uchungu unatokea mgongoni, unapungua kilo bila kujua, sukari inapanda ghafla, choo kinakuwa cheupe na cha mafuta, macho yanakuwa ya njano. Wengi hugunduliwa wakati upasuaji hauwezekani tena. Duniani kote, ni kama wagonjwa wawili tu kati ya kumi wanaopatikana mapema kiasi cha kufanyiwa upasuaji.

Huku kwetu ongeza na hii: ukienda duka la dawa ukisema tumbo linauma, unaambiwa ni alsa. Unapewa vidonge vya shilingi hamsini na unarudi kazini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa fundi mmoja wa viatu kwenye ploti yetu. Simtaji jina, familia yake bado iko hapa. Miezi alitibiwa alsa. Macho yalipogeuka rangi, watu wakaanza zile stori zao, mara amerogwa, mara ni ini la pombe, na jamaa hata hakuwa anakunywa. Alipopimwa vizuri ilikuwa kongosho, na ilikuwa imeenea. Hospitali aliyokuwa imemwambia mkewe maneno matatu ambayo sitasahau: "Mpelekeni tu nyumbani."

Nyumbani ni wapi? Ni chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, watu watano ndani, kitanda kimoja na pazia. Usiku tulikuwa tunamsikia. Ukuta wa mabati hauzuii sauti, na kulia kwa mzee wa miaka hamsini na kitu si sauti ya kuzoea.

Kisha mhudumu mmoja wa afya ya jamii akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: "Kutoka sufuri hadi kumi, uchungu ni ngapi?" Akasema kumi. Huyo mama ndiye aliyewaelekeza kwa watu wa hospisi. Fundi akapewa chupa ya mofini ya maji, anakunywa kipimo chake kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Wiki hiyo hiyo alilala usiku mzima. Alikula ugali na omena kidogo. Aliketi mlangoni, akamwita kijana wake, akampa daftari la watu wenye madeni yake na kumwonyesha jinsi ya kushona soli. Aliishi wiki tisa zaidi. Hakupona, lakini zile wiki tisa alikuwa baba wa watu.

Hiyo ndiyo inaitwa tiba shufaa. Wengi tukisikia "hospisi" tunafikiria ni stendi ya mwisho kabla ya Lang'ata. Ukweli ni kwamba ni timu: daktari, nesi, mtu wa kuongea na familia, wakati mwingine mchungaji au imamu. Wanashughulikia uchungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hofu, hata ugomvi wa ndugu. Na inaweza kwenda pamoja na kemo. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyoenea. Waliopewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida walikuwa na maisha bora, na waliishi kwa wastani miezi 11.6, wenzao 8.9. Ni mapafu, si kongosho, na sisemi mofini inaponya kansa. Nasema mtu asiyeteswa na uchungu anakula, analala, na mwili wake unapata nafasi ya kupigana.

Kwa kongosho kuna vitu maalum vinavyosaidia. Mrija wa nyongo ukiziba, daktari anaweza kuingiza kijineli kidogo kuufungua, na ile njano pamoja na kujikuna usiku kucha vinapungua. Kuna sindano ya kuzima neva zinazobeba uchungu wa tumbo. Kuna vidonge vya kusaga chakula ambavyo unameza ukianza kula, kwa sababu kongosho imegoma kufanya hiyo kazi.

Ukidhani hivyo vidonge ni vitu vya masonko, fikiria choo. Bila hivyo, chakula chenye mafuta kinapita tu na mgonjwa anaendesha mara kadhaa kwa usiku. Kwa mtu wa Lavington hiyo ni shida. Kwa mtu wa Laini Saba ni kutoka nje saa nane usiku, gizani, kwenye matope, kutafuta choo cha kulipia ambacho huenda kimefungwa. Tukisema "utu wa mgonjwa" huku kwetu, tunaanzia hapo: ndoo yenye kifuniko, taulo, maji ya mtungi, na kijana wa ploti mwenye tochi anayekubali kumshika mkono.

Sasa tuingie kwa mitishamba, maana najua komenti zinakuja.

Sina vita na mitishamba. Mofini yenyewe inatoka kwa mmea wa popi. Paklitakseli, moja ya dawa za kemo zinazotumika kwa kansa ya kongosho, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti. Kwa hivyo yule anayekuambia "hospitali ni kemikali, sisi ni asili" anacheza na akili yako. Swali la maana ni hili: imepimwa? Kipimo chake ni ngapi? Inagongana na dawa gani? Chai ya tangawizi kwa kichefuchefu, sawa. Kukandwa mgongo polepole, sawa. Maombi, kwaya, dufu, kusomewa Yasini, sawa kabisa, roho nayo inauma. Vyote hivyo viende pamoja na matibabu, na daktari aambiwe kila kitu mgonjwa anachokunywa, kwa sababu kuna mizizi inayochosha ini ambalo tayari limelemewa.

Shida inaanza pale mtu anaposema tupa dawa, kunywa hii peke yake. Tumeona hiyo sinema. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kwa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, shilingi 500 za Tanzania. Wakenya walivuka mpaka kwa mamia. Kuna walioacha dawa zao baada ya kunywa, na wengine hawakurudi hai. Na usifikirie ni mambo ya maskini pekee. Steve Jobs, mwenye Apple, aligunduliwa mwaka 2003 akiwa na aina adimu ya uvimbe wa kongosho, ile inayokua polepole na inayoweza kukatwa. Alikaa miezi tisa akijaribu juisi na lishe kabla ya kukubali upasuaji mwaka 2004. Alifariki 2011. Hakuna anayeweza kuapa kwamba angepona, lakini tunajua pesa haikumkinga na tamaa ya njia rahisi.

Kuna msee atasema: "Bro, serikali haina hata panadol, wewe unaongea mofini?" Naelewa, lakini mofini ya maji si dawa ya bei ghali. Ni unga unaochanganywa na maji. Majirani zetu Uganda walianza mapema. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu manesi na maafisa wa kliniki waliofunzwa tiba shufaa kuandika mofini. Mgonjwa hangoji daktari mmoja anayekuja Alhamisi.

Huku kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, pale karibu na KNH. Kutoka Laini Saba unaenda kwa miguu. Lakini miaka 20 baadaye, mwaka 2010, Human Rights Watch iliripoti kwamba mofini ilipatikana katika hospitali 7 tu za umma kati ya takriban 250. Tangu hapo hospitali nyingi zimefungua vitengo vya tiba shufaa, na wanaofanya hiyo kazi wanastahili shukrani. Bado jirani yangu alilia usiku mwingi akiwa mwendo wa miguu kutoka kwenye msaada. Dawa ilikuwepo. Habari ndiyo haikuvuka barabara.

Na uoga wa "atakuwa teja"? Mofini ikipewa kwa kipimo kwa sababu ya uchungu wa kansa, uteja ni nadra sana. Tusichanganye chupa ya mgonjwa na biashara ya vichochoroni.

Kibera tuna sababu ya kuongea kuhusu hii kuliko mtaa mwingine wowote. Mbunge wetu Ken Okoth, mtoto wa hapa, alijitokeza mwaka 2019 na kusema wazi kwamba ana kansa ya utumbo. Alifariki 26 Julai mwaka huo akiwa na miaka 41, mwezi ule ule tulipompoteza Bob Collymore wa Safaricom na Gavana Joyce Laboso, wote kwa kansa. Nchi nzima ilipiga kelele kuhusu mashine na hospitali za kansa. Kuhusu uchungu, wachache sana waliongea. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya. Haijaandikwa "isipokuwa kama huponi."

Kwa hivyo nataka vitu vitatu. Kwanza, wale wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 waliopewa mikoba yao mwaka 2023 wafunzwe kuuliza lile swali la sufuri hadi kumi, na wajue pa kumpeleka mtu akisema nane. Pili, wabunge wetu waruhusu nesi aliyefunzwa aandike mofini kama mwenzake wa Kampala. Tatu, kila grupu ya ploti iwe na mfuko wa mgonjwa kabla ya mfuko wa maiti: nauli, vidonge, ndoo, godoro. Ile soo mbili yako itume mtu akiwa bado anaweza kusema asante.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umelala na simu, kama una mzazi ambaye "alsa" yake haiishi na anazidi kukonda, mpeleke apimwe hospitali wiki hii. Hakikisha amesajiliwa SHA, ni *147# tu. Na kama tayari ameambiwa hakuna la kufanya, rudi umuulize daktari swali moja: "Sawa, uchungu wake tunautuliza na nini leo?" Usitoke hapo bila jibu.