Likizo ziwani: pesa ya kwenda, pesa ya kula na pesa ya kungoja



Mitihani imeisha, watoto wanangoja buletini, na nyumbani swali ni lile lile: "Mama, likizo hii tutaenda wapi?" Makundi mengi yametuuliza habari za safari yetu ya bato kwenda Idjwi mwaka jana. Wengine wanataka kujua bei, wengine wanataka kujua kama watoto hawakuogopa. Leo tunawajibu wote pamoja.

Duniani kuna watu wanaopanda meli kubwa kama mtaa mzima, yenye vyumba vya kulala na mabwawa ya kuogelea, si kwa biashara bali kwa kufurahia maji tu. Meli za namna hiyo hufika mpaka Mombasa na Zanzibar. Sisi hapa Bukavu hatuna meli hiyo, lakini ziwa liko mlangoni petu. Kwa wengi wetu ziwa ni njia ya kupeleka bidhaa na kuleta maharagwe. Kuna watoto wa Kadutu na Bagira wanaoliona kila asubuhi toka juu mlimani, na hawajakanyaga bato hata siku moja. Kwa hiyo tulipanga kuwapeleka.

Mambo ya pesa tuliyafanya kwa likelemba. Kila familia ilitoa franga 1.000 kila juma, kwa majuma 30. Juma la mwisho kila familia ilikuwa na franga 30.000 kwa mwekahazina. Hazikutosha kila kitu, kila mmoja aliongeza kidogo, lakini hakuna aliyekopa. Tulikuwa wamama tisa na watoto kumi na wanne.

Sasa tuwaambie jinsi siku yenyewe ilivyoanza. Tulifika bandarini alfajiri, bileti zimelipwa, watoto wamevaa nguo za Noeli. Bato lilikuwa limejaa magunia ya unga, na watu wamekaa juu ya magunia. Tuliomba jile, yaani koti la kuelea, za watoto. Tukaletewa za watu wazima, na hazikutosha. Kijana wa bato akasema: "Wamama, pandeni tu, ziwa limetulia." Koko mmoja wa kundi letu akashika mkono wa mjukuu wake, akarudi nchi kavu. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Mimi nitangoja."

Tulibishana pale pale. Watoto walilia. Nusu ya pesa za bileti hatukurudishiwa. Lakini tulimfuata koko, tukarudi nyumbani, na kesho yake tukapata bato lingine lenye nafasi.

Mtatuuliza: je, lile bato la kwanza lilizama? Hapana. Lilifika vizuri, na majirani walitucheka juma zima. Hatukujuta. Mwezi wa Aprili 2019 bato lilizama ziwani mwetu upande wa Kalehe, na watu wapata 150 walitangazwa kwamba hawajulikani walipo. Rais wa Jamhuri alifika huko, akaagiza kila msafiri wa ziwa avae jile. Wale waliopanda siku ile pia walikuwa wameona mabato mengi yakifika vizuri.

Somo la pili tulilipata wakati wa kurudi. Siku ya kuondoka Idjwi upepo ulivuma, mawimbi yakapanda, na nahodha mwenyewe akakataa kutoka. Alikuwa na haki. Lakini sisi tulikuwa tumemaliza pesa zote. Mama mmoja aliuza kitenge chake kipya ili watoto wapate chakula cha usiku. Mwingine alisema: "Kama kungekuwa na bato lolote, ningepanda, hata likiwa bovu." Maneno hayo yalitutia hofu kuliko mawimbi. Mama akikosa pesa ya kungoja, hawezi tena kuchagua. Anapanda bato alilolipata.

Kwa hiyo mwaka huu likelemba yetu ina bahasha tatu. Ya kwanza ni pesa ya kwenda: bileti za kwenda na kurudi. Ya pili ni pesa ya kula na kulala. Ya tatu ni pesa ya kungoja: chakula na malazi ya usiku mmoja, na bileti nyingine moja kwa kila mtu. Bahasha hiyo haifunguliwi kwa samaki wala kwa nanasi. Kama hamwezi kujaza bahasha ya tatu, punguzeni safari. Nendeni mahali pa karibu zaidi, au subirini miezi miwili tena.

Mambo mengine tuliyojifunza ni haya.

Wakati. Miezi ya kiangazi haina mvua, lakini ina upepo mkali wa kusini. Mara nyingi asubuhi mapema ndipo ziwa linapotulia. Waulizeni wavuvi siku moja kabla, wao wanalisoma ziwa kama sisi walimu tunavyosoma kitabu.

Kuchagua bato. Mmoja wenu aende bandarini siku mbili mbele bila watoto. Aangalie magunia yanawekwa wapi, bato limezama kiasi gani majini likijaa, jile ziko ngapi na ziko wapi. Jile iliyofungiwa ndani ya sanduku haimsaidii mtu. Hakikisheni pia kwamba jina la kila mmoja wenu, hata la mtoto mchanga, linaandikwa kwenye listi ya wasafiri. Ajali ikitokea, listi hiyo ndiyo itakayosema nani alikuwa ndani.

Jile za watoto. Mtoto akivaa jile ya mtu mzima, inamponyoka kichwani akiingia majini. Yake inapaswa kumbana, na mkanda upite katikati ya miguu. Mfungeni, kisha mnyanyueni kwa mabega ya jile: ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno. Bidoni tupu la lita 5 lililofungwa vizuri linaelea, basi chukueni machache, lakini halichukui nafasi ya jile.

Mtoto mchanga. Tumezoea kumfunga mgongoni kwa kitenge. Katika bato mlete mbele kifuani, na fundo liwe la kufunguka kwa mkono mmoja.

Zoezi. Januari 2012 meli kubwa ya starehe, Costa Concordia, iligonga mwamba huko Italia na watu 32 wakafa. Baadhi ya wasafiri walikuwa wamepanda siku ile ile na hawakuwa wamefanya zoezi lolote la kujiokoa. Baada ya hapo sheria ya bahari ilibadilishwa, na sasa zoezi linafanywa kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Sisi zoezi letu tulilifanya uani, kama mchezo: kuvaa jile kwa macho yaliyofungwa, kushikana wawili wawili, kuitikia namba. Kila mtoto mkubwa alikuwa na mdogo wake wa kumwangalia. Kila nusu saa tulihesabu mpaka kumi na nne.

Vitu vya kubeba. Kadi ya uchaguzi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kipo. Simu yenye moto, ndani ya sashe iliyofungwa. Maji ya kunywa ya kutosha. Sweta, maana ziwa letu liko juu, karibu mita 1.460 toka usawa wa bahari, na upepo wake ni baridi hata jua likiwaka. Kofia kwa ajili ya jua hilo hilo.

Kichefuchefu. Mpe mtoto chakula chepesi kabla ya safari, mkate mkavu au ndizi, si sombe yenye mafuta mengi. Akianza kulegea, mkalishe katikati ya bato na umwambie atazame mlima wa mbali, asitazame chini. Chai ya tangawizi inasaidia.

Sasa tuje kwenye furaha, maana hiyo ndiyo tuliyoifuata. Msiwaache watoto wakae na simu. Wape kazi ya kutazama. Wetu walihesabu visiwa. Tuliwaeleza kwamba ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 450, na kwamba maji yake yanatokea hapa hapa Bukavu kwa mto Ruzizi kwenda ziwa Tanganyika. Waliona mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Mtoto mmoja alishangaa kusikia kwamba sambaza ni wageni humu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Akasema: "Basi sambaza nao walisafiri!"

Idjwi kina urefu wa kilometa 40 hivi, msijaribu kukimaliza kwa siku mbili. Tulichagua kijiji kimoja, tukatembea kwenye mashamba ya kahawa, tukala mananasi pale yanapolimwa, tukalala mapema. Jioni wamama wa huko walikuja kuota moto pamoja nasi, tukaimba. Kuna mama mmoja wa kundi letu, mjane wa miaka mitatu, ambaye hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Mwaka huu tumenunua jile sita za watoto. Ni mali ya kundi, na kila familia yenye safari ya ziwa inaweza kuziazima. Mje kwa mwekahazina siku ya mkutano, mseme tarehe na idadi ya watoto. Mzirudishe zikiwa kavu.

Na mtu akiwacheka bandarini kwa sababu mmerudi nchi kavu, mwacheni acheke. Msafiri mwenye bahasha ya tatu hana haraka.

Juma lijalo tutaongea juu ya kununua madaftari kwa pamoja kabla bei haijapanda. Likizo njema.