Vijana na Chapa za Ngozini

Si ajabu siku hizi kumwona mtu mzima wa London au Chicago, mwenye kazi yake na watoto wake, akikunja mkono wa shati na kuonyesha panya mwenye masikio ya duara, au fundi bomba mwenye sharubu na kofia nyekundu, au kinyama cha manjano chenye mkia wa umbo la radi, kilichochorwa ngozini kwa wino usiofutika. Hao ni Mickey Mouse, Mario na Pikachu. Wa kwanza alijulikana katika sinema ya mwaka 1928. Wa pili alianzia katika mchezo wa video wa mwaka 1981. Wa tatu alitokea mwaka 1996. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kuishi. Hata hivyo wamepewa mahali ambapo zamani mabaharia waliandika majina ya mama zao na wachumba wao.

Wako watakaocheka, na wako watakaosema kwamba huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Kicheko hicho ni cha haraka mno. Uchunguzi wa kituo cha utafiti cha Pew wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wazima 32 katika kila 100 nchini Marekani walikuwa na tatuu, na kwamba 69 katika kila 100 ya hao walitaja kumkumbuka au kumuenzi mtu au kitu kuwa mojawapo ya sababu zao. Basi tatuu kwa wengi ni kumbukumbu. Mtoto aliyerudi kutoka shule akakuta nyumba kimya, kwa kuwa baba na mama wote wako kazini, alipokewa na televisheni. Vikaragosi vya humo ndivyo vilivyomchekesha na kumliwaza. Akikua, huvikumbuka kama wengine wanavyowakumbuka bibi zao. Mapenzi hayo ni ya kweli, na hayastahili dhihaka.

Lakini liko jambo la pili linalopasa kutazamwa kwa makini. Wahusika hao si hadithi za ukoo wala urithi wa kijiji. Walibuniwa kibiashara, na makampuni huwalinda kwa sheria za hakimiliki na alama za biashara, huku yakiuza sura zao juu ya fulana, mabegi, vikombe na viatu. Hata yule panya wa sinema ya mwaka 1928 hakuwa huru nchini Marekani mpaka tarehe 1 Januari 2024, baada ya miaka 95. Mfugaji hupiga chapa ng'ombe wake ili ajulikane ni wa nani, na gharama ya chuma na moto ni yake mfugaji. Katika mambo haya mapya, mwenye ngozi ndiye anayemlipa fundi, ndiye anayevumilia sindano, na ndiye anayelitembeza tangazo la kampuni maisha yake yote bila ujira.

Tena itazamwe Japani, nchi walikotoka Mario na Pikachu. Serikali ya huko ilipiga marufuku tatuu mwaka 1872, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1948. Hata baada ya hapo tatuu zimeendelea kuhusishwa na magenge ya wahalifu, na bafu nyingi za umma hukataa kumpokea mtu aliyechorwa. Kwa hiyo mgeni aliyesafiri kutoka mbali kwa mapenzi ya Pikachu aweza kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya Pikachu huyohuyo. Nchi hiyo imeuza vikaragosi vyake duniani kote, lakini haikubadili maoni yake juu ya ngozi za watu wake.

Isidhaniwe kwamba kutia alama mwilini ni jambo geni kwa Mwafrika. Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma walichanja chale usoni na mwilini na kuzipaka mkaa. Chale hizo zilimtambulisha mtu kwa watu wake, na zilionyesha kwamba amevumilia maumivu akaingia katika utu uzima. Desturi hiyo imefifia, na hapana haja ya kuirudisha. Lakini ifahamike kwamba chale ya Mmakonde ilitolewa na jamii yake, kwa maana iliyojulikana na jamii hiyo. Picha ya Mario imetolewa kwa watoto wa dunia nzima kwa mpigo mmoja, na kila aliyeichora hana budi kuitafutia maana peke yake.

Mambo haya yanaihusu Tanzania. Zanzibar ilianza kuwa na televisheni mwaka 1973, na Bara mwaka 1994. Kizazi cha kwanza cha watoto wa Bara waliokua na katuni za kigeni sebuleni kimekwisha kuwa watu wazima, na mafundi wa tatuu wamekwisha fungua vibanda vyao mijini. Mwalimu wa sekondari anao wajibu wa kuwaeleza wanafunzi wake mambo matatu mapema. Kwanza, sindano isiyotakaswa huweza kuambukiza homa ya ini. Na wino wenyewe si wa kuaminiwa tu, kwani Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2022, uliwekea vikwazo kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa namna hiyo. Pili, wino hukaa katika tabaka la ndani la ngozi, na kuuondoa kwa leza huhitaji kurudi mara nyingi, kwa gharama na maumivu. Tatu, matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamepata kuweka sharti kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini. Katuni aliyoichagua kijana wa miaka 17 kwa furaha ya siku moja huweza kumfungia mlango wa kazi akiwa na miaka 22. Uingereza ilikwisha kataza kwa sheria, tangu mwaka 1969, kumchora mtu asiyetimiza miaka 18. Hiyo ni busara inayofaa kuigwa.

Hata hivyo kukemea peke yake hakutoshi. Kijana akiulizwa kwa nini hakumchagua Sungura wa hadithi, atajibu kwa haki kwamba hakumwona. Sungura alisimuliwa mara mbili tatu darasani, kutoka katika kitabu kimoja kilichogombewa na wanafunzi watano. Pikachu alionekana kila siku, kwa rangi na kwa muziki. Rais Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja kwa makusudi. Na uwezo upo. Wasomaji wa gazeti la Uhuru wa miaka ya 1970 walimjua Chakubanga, kikaragosi cha mchoraji Christian Gregory, kama wanavyomjua jirani. Tangu mwaka 2014, Ubongo Kids, katuni iliyobuniwa Dar es Salaam, imewafundisha watoto hesabu na sayansi.

Kwa hiyo maofisa wa utamaduni na wa elimu wahakikishe kwamba wachoraji wa nchi hii wanapewa kazi na wanalipwa, kwamba vitabu vya picha vinafika katika shule za msingi za vijijini, na kwamba kipindi cha hadithi hakiliwi na mitihani. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Taifa likiwaachia wengine kuchora utoto wa watoto wake, lisistaajabu kuikuta michoro hiyo ngozini mwao.