Kuwashukuru Samaki Wasiolika



Wamohawk, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, hawafungui mkutano pasipo kwanza kusema shukrani ziitwazo Ohén:ton Karihwatéhkwen, yaani maneno yatanguliayo yote. Msemaji huanza na watu waliohudhuria, akafuatisha ardhi wanayoiita mama, kisha maji, samaki, mimea, wanyama, miti, ndege, pepo, radi, jua, mwezi na nyota, hata akamfikia Muumba. Kila kifungu kikimalizika, wote huafikiana kuwa nia zao zimekuwa moja.

Hapa tuseme wazi ili wana wetu wasichanganyikiwe: sisi mwezi hatuuiti bibi, na shukrani ya kila neema humrejea Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini tusifanye haraka kudharau. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alisema juu ya mlima wa Uhud kuwa unatupenda nasi twaupenda. Mlima, ndugu zetu, jiwe tupu machoni petu!

Kilichotugusa zaidi ni habari za Akwesasne, mji wao ulio kando ya mto St. Lawrence, mpakani mwa Marekani na Kanada. Viwanda vya jirani vilimwaga kemikali za sumu mtoni kwa miaka mingi, sumu ikawaingia samaki, na samaki ndio waliokuwa kitoweo cha watu wale. Akina mama wajawazito na wanyonyeshao wakaonywa wasiwale. Katika miaka ya 1980 mkunga wao, Katsi Cook, alisimamia uchunguzi wa maziwa ya mama, kwa kuwa wazazi walitaka kujua ni nini wanachowanyonyesha watoto wao.

Na katika mji huohuo ipo skuli iliyoanzishwa mwaka 1979, ambako watoto hufungua na kufunga siku kwa shukrani zile. Wakifika kwenye samaki hawaruki. Humshukuru samaki ambaye mama zao walikatazwa kumla.

Mtume wetu alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita moja. Tuliposikia adhana ya Laasiri tuliiweka kalamu, tukaenda kutawadha, na mara hii mfereji tuliufungua kidogo tu.