Kisakinishi Nacho Kijue Ngeli

Kila inapotajwa teknolojia, sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuombwa kazi moja tu: kutafuta istilahi. Programu hubuniwa, ikakamilika, ndipo tukaletewa orodha ya maneno tuyatafsiri. Makala haya yanadai kuwa utaratibu huo una kasoro. Mfano wangu ni visakinishi vya programu huria za barua pepe zinazotumiwa ndani ya kivinjari.

Tuchukue Roundcube, iliyoanzishwa mwaka 2005. Shule au chama cha ushirika chaweza kuiweka kwenye seva yake bila kulipia leseni. Kisakinishi chake kina hatua tatu: kukagua mazingira ya seva, kuunda faili la usanidi, na kuujaribu usanidi huo. Watumiaji wa kawaida wamewekewa kiolesura kwa lugha nyingi za dunia, lakini hatua hizo tatu zimeandikwa kwa Kiingereza. Hata onyo kwamba kisakinishi kiondolewe au kizimwe baada ya kazi, kwa kuwa chaweza kufichua nywila za seva, limo katika lugha hiyo hiyo. Mwalimu wa Molo aliyekabidhiwa seva ya shule asipolielewa onyo hilo, atauacha mlango wazi huku akidhani ameufunga.

Huenda msomaji akauliza: mbona tusitafsiri tu? Hapa ndipo ngeli zinapoingia. Mbunifu anayefikiri kwa Kiingereza huunda sentensi kwa vipande: jina la kitu, kisha neno moja la kuarifu kwamba kitu hicho kipo. Neno hilo huvifaa vitu vyote. Kwetu, hifadhidata imepatikana, kiendelezi kimepatikana, faili limepatikana, ufunguo umepatikana, naye mtumiaji amepatikana. Mfasiri aliyepewa kipande kimoja hana budi kuvunja upatanisho wa kisarufi. Kosa si lake. Liliingia siku programu ilipobuniwa. Dawa ni mbunifu kuweka sentensi kamili kwa kila ujumbe, na nafasi ya umoja na wingi.

Wapo wanaoshikilia kuwa wataalamu wa kompyuta wanajua Kiingereza, basi haja ipo wapi? Hao husahau kwamba thamani ya programu huria ni kumwezesha asiye mtaalamu. Aidha, kisakinishi nyumbufu si kile chenye maswali mengi. Ni kile kinachojitafutia majibu kinayoweza kuyapata, kikamwuliza mwenyeji yale tu anayoyajua, tena kwa lugha yake. Shule ndogo haihitaji kuhojiwa kuhusu aina za hifadhidata. Ipendekezewe SQLite, iendelee.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Nasi Kenya, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Katika bewa la Njoro la Chuo Kikuu cha Egerton, Kiswahili na sayansi ya kompyuta hufundishwa katika uwanja mmoja. Napendekeza chama chetu kiwaalike wenzetu wa kompyuta tuketi pamoja kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kunguni wa ngeli, sisi ndio tunaowajua.