Tusichague Kurasa

Katika matawi yetu kumezuka mabishano juu ya riwaya za Bwana Adam Shafi wa Unguja. Wengine wazisifu kupita kiasi, wengine wazikataa katakata, na wako ambao hawajafungua hata jalada, lakini sauti zao ndizo kubwa kuliko zote. Sisi tulizisoma tukiwa chuo cha ualimu, na sasa kazi yetu ni kuzunguka matawi. Twaona yatupasa kusema neno.

Kwanza tuwaeleze wasiozijua. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka 1978, nayo yasimulia maisha ya watumishi na wakulima katika shamba la kabaila mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Mwaka 1979 ikatoka Kuli, juu ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo mkubwa wa 1948. Vuta N'kuvute ikafuata 1999, na Haini 2003. Ndizo nne zinazogombaniwa.

Juu ya Kuli, mwalimu mmoja kijana alilalamika kwamba watu wake wamepasuliwa kwa shoka: maskini wote wema, mabwana wote waovu. Mzee mmoja aliyebeba magunia gatini miaka mingi akamjibu, "Mwanangu, wewe wasoma kwa macho, mimi nasoma kwa mgongo." Asifuye mvua imemnyea. Sisi twasema wote wawili wana haki. Ni kweli mwandishi mara nyingine aacha hadithi na kushika chaki. Lakini ni vitabu vingapi vya Kiswahili vilivyompa mchukuzi kiti cha mbele, tukajua anakula nini, anaumia wapi, na alijifunzaje kusimama pamoja na wenzake?

Juu ya Kasri ya Mwinyi Fuad, tulimsikia ndugu mmoja akiinyanyua mkutanoni na kusema, "Hii ndiyo historia yenyewe, someni mjue watu wa kabila lile walivyo." La, ndugu. Hiyo ni hadithi. Mwinyi Fuad ameumbwa ili tuuone ukabaila ulivyomharibu bwana na mtumishi pamoja. Si jirani yako mwenye duka, wala si mtoto wa jirani yako. Mwaka 1964 damu ilimwagika, na watu wengi walihama makwao. Anayeichukua riwaya kuwa fimbo ya kuwapigia majirani hakuielewa. Na amsome Kijakazi, mtumishi anayempenda bwana wake kuliko nafsi yake. Huko ndiko mwandishi alikopiga shabaha, maana mnyororo wa moyoni ni mgumu kukatika kuliko wa mguuni.

Juu ya Vuta N'kuvute, ambayo Amil Shivji aliifanyia filamu mwaka 2021, wazee wetu wanung'unika kwamba ina mapenzi mengi, na kwamba Yasmin anamwacha mume. Mama mmoja wa sehemu ya wanawake aliwajibu kwa adabu: "Wazee wangu, mmemwona alipotoka nyumbani. Je, hamkumwona alipoozwa, binti mdogo, kwa Bwana Raza mwenye umri wa baba yake?" Barazani pakawa kimya. Sisi hatuna la kuongeza.

Tumefika penye jambo lenyewe. Mwenyekiti wa tawi moja, mtu tunayemheshimu, ameshauri Kuli ibaki katika kabati ya tawi na Haini iondolewe. Haini yaeleza habari za watu waliotiwa ndani na kuteswa baada ya mkuu wa nchi kuuawa, na kila msomaji anayekumbuka 7 Aprili 1972, siku aliyouawa Mzee Karume, anajua inakotoka. Sababu ya mwenyekiti ni kwamba adui akiisoma atatucheka.

Kwa heshima zote, hapo hatukubaliani naye. Denge wa Vuta N'kuvute akitiwa pingu na polisi wa mkoloni, twampigia makofi kwa ushujaa wake. Hamza wa Haini akitiwa pingu na serikali ya wananchi wenzake, twafunga kitabu. Pingu ni pingu. Chuma hakiulizi aliyeshika ufunguo ni wa rangi gani.

Wala aliyeandika si mgeni aliyetumwa kututukana. Ni kalamu ile ile iliyomlilia kuli wa 1948. Mwenyewe alitiwa ndani baada ya mauaji yale ya 1972. Tukimkubali kuwa shahidi anaposema uovu wa kabaila, kwa hoja gani tutamkataa anaposema uovu uliotendwa kwa jina letu? Hatusemi kila aliyekuwa na madaraka siku zile alikuwa mkatili. Kiongozi aliuawa kweli, na hofu ilikuwa ya kweli. Twasema tu kwamba wazee wetu hawakupigania uhuru ili mtu ateswe gizani na ndugu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chama kinachoficha maradhi yake hakitofautiani na mtu huyo.

Basi twashauri hivi. Kila tawi liweke riwaya zote nne. Jioni moja kila wiki, anayejua kusoma vizuri awasomee wenzake kwa sauti, akina mama wawepo, wazee wawepo, na kila mmoja aseme moyoni mwake bila kunyamazishwa. Na mwenyekiti wetu tunayetofautiana naye aje akae mbele, kwa kuwa hoja yake yastahili kujibiwa mbele ya watu, si kwa minong'ono. Matawi yatakayotuandikia barua tutazichapa, hata zile zitakazosema tumekosea.